Nani Amesema Habari za Chediel?

Jumapili, 14 Aprili 2024

Leo kanisani Mama Christopher amehama benchi. Tumekaa pamoja benchi la tatu tangu nilipoolewa kijiji hiki, najua hata anapoweka mkoba wake. Leo nimefika nikamkuta nyuma, karibu na mlango, na nilipomtazama akainamia kitabu cha nyimbo. Nilimwambia Chediel tulipokuwa tunarudi. Akasema labda mama wa watu alitaka upepo.

Chediel huwa anajibu hivyo, ndiyo maana nimeamua kuandika. Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Upande wa mbele kuna viuno na mabega ya watu, mimi nimeligeuza naandikia nyuma, hapa hapa kwenye cherehani, pasipokuwa na mteja. Na siku hizi mara nyingi wateja hawapo.

Niliandike jambo lenyewe, nisije nikalificha hata kwa nafsi yangu. Mume wangu ana virusi vya UKIMWI. Tulijua miaka minane iliyopita, binti yetu Peniel akiwa bado mdogo. Mimi nimepima mara nyingi, sina, na mtoto hana. Chediel anakunywa dawa kila siku, virusi vimefubaa, analima, anacheka, ana afya kuliko mimi. Kliniki iko Kiomboi, karibu tu, lakini nilikataa asiende pale kwa kuwa watu wote wa huku wanapita Kiomboi. Dawa anachukua Singida mjini. Anapanda basi la alfajiri na tunasema kafuata vipuri vya pikipiki. Tunaojua ni yeye, mimi na wahudumu wa huko mjini. Hata mdogo wake Scola, ambaye tunakaa naye ua mmoja, hajui.

Au alikuwa hajui.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua kutwa. Alizeti zimeinamisha vichwa. Hakuna mteja.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama Christopher amekuja kuchukua kitenge chake kabla sijakikata. Alisema ana haraka nacho, atampelekea fundi wa Kiomboi. Nilimuuliza haraka ya nini, akasema haraka tu. Alikipokea kwa ncha za vidole, nikaona. Hakukaa, na kiti nilikuwa nimeshamfutia.

Chediel anasema watu hubadilisha mafundi kama wanavyobadilisha vinyozi. 

Jumapili, 28 Aprili

Sasa ni Scola. Tangu ndoa yake ilipovunjika huko Mkalama, amekuwa nasi, na sijawahi kumwonea choyo. Lakini mwezi huu simu yake ikilia anatoka nje, anakwenda kusimama nyuma ya banda la kuku. Leo nilijifanya nawapelekea kuku maji. Aliponiona akasema, “Nitakupigia,” akakata. Nilimuuliza ni nani, akasema ni mtu wa kikundi.

Mtu gani wa kikundi cha akina mama anayepigiwa nyuma ya banda? Na jana alikwenda kwa Mama Christopher, akarudi amejaa maneno na hakutoa hata moja.

Scola ndiye anayefagia chumba chetu nikiwa na kazi nyingi. Kopo la dawa lilikuwa kabatini, chini ya shuka. Nimelihamishia kwenye ndoo ya unga wa uwele. Asubuhi Chediel alilitafuta, nikamwonyesha. Alilipangusa unga, akameza dawa yake, akanitazama kwa muda. 

Jumamosi, 4 Mei

Leo tumeanza kukata vichwa vya alizeti. Kikundi kizima kilikuja kutusaidia, kama tunavyosaidiana kila mwaka, na kazi ilikwenda vizuri. Lakini kila mwanamke alikuja na chupa yake ya maji. Mwaka jana tulikunywa wote kwa kata moja, kutoka kwenye ndoo yangu. Ndoo niliijaza nikaiweka kivulini, ikabaki imejaa mpaka jioni.

Chediel alisema mwenyekiti wa kitongoji alitangaza mambo ya kuhara, kwamba kila mtu atembee na maji yake. Labda. Mimi sikusikia tangazo hilo.

Ananiambia nina wasiwasi. Yeye hakuwepo kwa kaka yangu Gaspari. Gaspari alirudi kutoka machimboni mimi nikiwa darasa la sita, amekonda, na mama akamtandikia kwenye banda la mbuzi. Mbuzi walihamishiwa jikoni. Tuliambiwa tusimsogelee, nasi tukawa tunamsalimia tukiwa mbali, na yeye anaitikia kwa sauti ya kujitahidi ili tusikie. Alipokufa, majirani walikuja msibani wakasimama nje ya ua. Mama hakulia. Lakini tangu siku hiyo aliacha kuongea na watu. Mpaka leo ukimtembelea anajibu shikamoo, halafu basi. Daktari hakuwahi kusema mama anaumwa nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpeleka kwa daktari.

Kwa hiyo mimi najua jambo hili linavyoanza. Linaanza na benchi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemkataza Peniel kwenda kucheza kwa majirani na kula kwa watu. Aliuliza kwa nini, nikasema nimesema. Kucha zake amezitafuna hadi zimetoka damu. Jioni, tukichambua mlenda, aliniuliza, “Mama, tumemkosea nani?” Nilimwambia achambue mlenda.

Ijumaa, 10 Mei

Sikulala tena. Scola alikuwa anaimba asubuhi wakati anafua. Ana furaha ya nini?

Alhamisi, 16 Mei

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipendelee.

Kikundi kilikutana nyumbani kwa Mama Christopher. Nilichelewa kwa sababu sikutaka kwenda, kisha nikaona nisipokwenda watasema zaidi. Nilipokaribia uani nilisikia kicheko, na nilipotokeza kikakatika. Scola alikuwa katikati, amekaa mkekani, ameshika kikombe cha chai. Niliwasalimia, wakaitikia wote kwa pamoja, upesi. Kisha mama mmoja akacheka na kusema, “Karibu, tulikuwa tunamsema mtu wa kwenu.”

Sikukaa. Sauti ilitoka kavu kabisa, kama ya mtu mwingine. Nilisema, “Semeni basi nikiwepo. Chediel ana virusi, ndiyo, anakunywa dawa, na hajafa. Mimi nimepima na sina. Aliyewaletea habari si huyu hapa mnayempa chai?” Nikamnyooshea kidole Scola.

Kuku walikuwa wanaparura pale, nilikuwa nasikia kucha zao. Hakuna aliyesogea. Nilimtazama kila mmoja usoni nikitafuta ile aibu ya mtu aliyekamatwa, na sikuiona kwa mtu hata mmoja. Walikuwa wanashangaa. Mama Christopher mdomo ulikuwa wazi.

Scola aliweka kikombe chini polepole. Akasema, “Wifi, kaka ana nini?”

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyekuwa anajua. Kijiji kizima kilikuwa hakijui, nimekiambia mimi.

Waliyekuwa wanamsema ni Laurian, yule mgane mwenye mashine ya kukamua alizeti, wao walishamhesabu mtu wa kwetu. Anataka kumwoa Scola. Ndiye anayepiga simu. Scola alikuwa anawaomba wenzake ushauri namna ya kumweleza kaka yake kabla Laurian hajaleta mshenga, maana ndoa ya kwanza ilimtia aibu na anaogopa kuonekana ana haraka.

Mama Christopher alinisindikiza hadi njiani. Alitembea upande wa pili wa njia. Akaniambia, “Gauni langu la Pasaka ulinipa Jumatatu ya Pasaka, mama Peniel. Nilivaa la zamani kanisani. Ndiyo maana nikaamua kukihamisha kile kitenge, nikaona haya hata kukaa na wewe benchi moja.” Halafu akarudi kwake.

Basi, ni gauni.

Ijumaa, 17 Mei

Jana sikuweza. Leo nimemwambia Chediel kabla hajaambiwa na wengine. Alikuwa anachonga fimbo za kupigia alizeti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, kisha akaniuliza kama nilisema pia kwamba mimi sina. Nikasema ndiyo.

“Uliulizwa?”

Nikasema sikuulizwa.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei. Akamalizia fimbo aliyokuwa anachonga, akakunja blanketi, akasema anakwenda kulala kwenye dungu shambani, ng'ombe wa watu wasije wakaingia kwenye vichwa tulivyoanika. Peniel alimfuata hadi kwenye uzio wa minyaa, akarudishwa.

Kopo la dawa ameliacha kwenye ndoo ya unga.

Jumapili, 19 Mei

Hatukwenda kanisani.

Jumanne, 21 Mei

Mteja mmoja tu, mama anayekaa kule barabarani, kaleta sketi ya kupunguza. Nilipomaliza nikainama kukata uzi kwa meno, kama ninavyofanya siku zote. Akasema, “Fundi, tumia mkasi.” Alisema kwa upole. Nilitumia mkasi. Alipoondoka nilikaa nimeshika mkasi ule muda mrefu.

Kwa hiyo sikuwa na wazimu. Nilichokuwa nakiogopa kipo. Mwezi mzima kilikuwa kimelala, nikaenda kukiamsha.

Jumamosi, 25 Mei

Scola hasemi nami. Anapika chungu chake, anafua nguo zake, na hafagii chumba chetu. Chediel hajarudi. Leo nimempelekea kopo shambani, na ugali.

Nilimkuta amekaa chini ya dungu, vichwa vya alizeti vimemzunguka vimekauka, havijapigwa hata kimoja. Ndevu zimeota. Ugali wa jana niliompa Peniel ampelekee ulikuwa bado kwenye kitambaa, na sisimizi. Nilimwambia dawa ameziacha siku nyingi sana, anajua walivyotuonya kule mjini. Akasema anajua. Nikamwambia basi anywe. Hakulipokea kopo.

Alisema, “Miaka minane nasafiri mpaka Singida ili nisionekane. Ukisikia hodi, unanitolea macho kana kwamba nimeiba. Nimechoka kuwa siri, mama Peniel. Na siku siri imekwisha, wewe ukatoka, ukaniacha ndani peke yangu.”

Nilitaka kumwambia habari za Gaspari. Anazijua. Niliacha kopo kwenye ngazi ya dungu na nilipogeuka njiani nilimwona hajaligusa. Nikarudi nikalichukua, nikaogopa jua litaharibu dawa. Au niliogopa kingine. Kamba ya kufungia mizigo ilikuwa pale kwenye dungu, nayo nikaichukua. Sijamwambia mtu kwa nini nilichukua kamba.

Jumatatu, 27 Mei

Scola aliingia bila hodi, akasimama mbele ya cherehani. Akasema nimpe kopo.

Nikamuuliza la nini. Akasema, “Miaka yote nakaa kwenu na mlinificha kama mgeni wa kupita. Kaka yangu, tumbo moja. Na ulipotafuta mwizi ukanichagua mimi. Nipe dawa, wifi.”

Nikampa. Nikamweleza saa ya kumeza, na kwamba asimeze tumbo likiwa tupu kwa kuwa zinamtia kichefuchefu. Alisikiliza huku anatazama ukuta. Nikamweleza na habari ya kamba. Hapo ndipo aliponitazama. Alibeba uji kwenye chupa ya chai, akaenda.

Jumapili, 2 Juni

Mshenga wa Laurian alikuwa aje leo. Hakuja. Watu wanasema dada mkubwa wa Laurian, Asnath, kakataa, kasema hawaendi kuchukua ugonjwa kwenye ukoo ule. Nilipowasikia wanasema, kisimani, hawakunyamaza nilipofika. Nimeona tofauti yake sasa. Wanaokusema kweli hawanyamazi, wanapunguza sauti tu.

Kikundi kimeniletea ujumbe kwamba sifukuzwi, ila nije na kikombe changu. Mama Christopher hakuuleta mwenyewe, alimtuma mtu.

Peniel ameanza kulowesha kitanda. Msichana wa darasa la sita. Nilianika godoro nyuma ya nyumba, halafu nikajiuliza namficha nani, nikalihamishia uani juani.

Jumamosi, 8 Juni

Chediel amekunywa dawa.

Scola ndiye aliyeniambia, kwa ufupi, akiwa ananawa miguu. Kila siku alikuwa anakwenda, anakaa, anarudi na kopo. Leo alimwambia kwamba posa imekatika. Mpaka leo alikuwa amemficha. Akamwambia, “Sikulaumu. Lakini ukifia kwenye dungu hili, watasema waliona mbali, na mimi nitabaki na kaburi na maneno yao.” Chediel alilia, alisema Scola, akalia kama mtoto, kisha akaomba uji.

Nilisema asante. Akasema hakufanya kwa ajili yangu.

Ijumaa, 14 Juni

Leo tumekwenda kliniki ya Kiomboi, mchana kweupe, kwa pikipiki, mimi nyuma. Chediel ndiye aliyetaka. Kwenye benchi tuliwakuta watu wawili wa kijiji chetu, sitawaandika. Tulisalimiana vizuri tu, kama watu waliokutana mnadani. Mmoja akasogea nikapata nafasi.

Muuguzi alimkaripia Chediel kidogo kwa zile siku alizoacha, akamchukua damu, akasema kipimo ndicho kitakachosema. Halafu akanigeukia. Akaniuliza nalala saa ngapi. Nikasema nalala. Akauliza tena, na sijui kwa nini nikamwambia ukweli: kwamba tangu mwezi wa nne nasinzia tu, kwamba moyo unanipiga nikisikia simu ya mtu mwingine, kwamba mwanangu anatafuna vidole, kwamba mama yangu hajaongea tangu nikiwa mtoto na mimi naogopa nafuata njia yake. Nilikuwa nadhani anamtibu mume wangu. Kumbe aliandika na jina langu. Nirudi kila wiki mbili, kuzungumza tu, na nije na Peniel.

Nilitafuta usoni mwake kama ananicheka. Siku hizi natafuta tu, hata nikijua hakuna kitu.

Jumapili, 23 Juni

Chediel amerudi kulala nyumbani. Tumepiga alizeti wenyewe, watu wanne, Peniel akipepeta. Mama Christopher alipita njiani, akasimama, akatusalimia, akaendelea. Baadaye kidogo akarudi na fimbo yake, akapiga nasi hadi jua likashuka. Chupa yake ya maji alikuja nayo. Sikujua nifurahi au nikasirike, nikaendelea kupiga.

Nimemwomba Scola msamaha, vizuri, kwa magoti. Akaniinua. Akasema amesikia, kusamehe bado.

Jumatano, 26 Juni

Upepo mkali. Laurian kapita na pikipiki mara mbili. Mashine yake iko upande mwingine.

Jumamosi, 6 Julai

Wamekuja.

Jana mshenga alituma habari, nikachinja kuku wawili, nikapika hadi mikono ikawa inauma. Walikuja Laurian mwenyewe, mshenga mzee Philipo, na Asnath. Yule Asnath. Alivaa vizuri sana, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri gari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akitazama pazia.

Chediel aliwapokea. Amekonda, shati limemzidi mabega, nilitaka nilipunguze akakataa. Kabla mzee Philipo hajaanza maneno ya posa, Chediel aliomba radhi, akasema kuna jambo wamelisikia njiani na angependa walisikie hapa. Akasema ana virusi, anatumia dawa, na kwamba dada yake hakuwa na kitu cha kuwaficha kwa sababu hata yeye alifichwa. Kama hilo linaondoa posa, waiondoe sasa, chakula watakula kama wageni. Laurian akajibu bila kumsubiri mshenga. Alisema yeye alimuuguza mke wake mpaka mwisho kwa ugonjwa mwingine, na anajua nyumba yenye mgonjwa inavyohitaji watu. Mzee Philipo akamkanya kidogo kwa kusema kabla ya zamu yake. Wakacheka, isipokuwa Asnath.

Tulikuwa wachache, Chediel akasema tule pamoja meza moja. Nilinawisha watu mikono. Nikaweka ugali, kuku na mchuzi katikati. Nikakaa nao, macho yangu yakaanza kazi yake. Mzee Philipo kamega, amekula. Laurian amekula, amechukua paja alilolishika Chediel kuligawa. Asnath mikono ipo mapajani. Nilihesabu matonge ya kila mtu. Nilimtazama Asnath mpaka nikawa sisikii mazungumzo, nikiwa nimeshamwandalia maneno moyoni, ya kumwambia siku moja, mahali fulani, mbele ya watu.

Akaniona. Akasema, si kwa ukali, “Mke wa mwenye nyumba mwenyewe hali. Sisi wageni tule?”

Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa mkavu. Nilinawisha watu wote nikajisahau, na tangu tukae sikuwa nimegusa chakula. Chediel alikuwa ameacha kutafuna. Nikaelewa alichokuwa anakifikiri yule mama, na nikaelewa kwamba hata Chediel, labda kwa miaka, amekuwa akiniona nimekaa hivi, natazama, sili.

Sikujieleza. Nilinawa. Nikamega tonge, nikachovya kwenye mchuzi upande wa Chediel, nikala. Nikamega tena. Njaa ilinishika ghafla, njaa ya kweli, ya miezi. Chediel alisukuma kipapatio mbele yangu kwa kidole, nikakichukua.

Asnath aliomba maji ya kunawa. Scola alisikia kutoka jikoni, akayaleta. Sijui Asnath alikula kiasi gani, na sijui kama alikula kwa moyo au kwa adabu. Sikumwangalia. Nilikuwa nakula.